Ukoka usifike kwenye maji ya samaki wa dhahabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nieleze wasiwasi wangu juu ya makala ya bustani mliyoichapa hivi karibuni, iliyowaelekeza wasomaji namna ya kupamba kando ya bwawa dogo la samaki wa dhahabu uani. Mwandishi wa makala ile ana jicho la kupanga vitu, na sina ubishi na picha zake. Hata hivyo alimshauri msomaji asogeze ukoka mpaka kwenye mdomo wa maji, apange mawe meupe kuzunguka bwawa kama shanga shingoni, kisha azungushie eneo zima ua wa mnyaa ili wapita njia wasichungulie. Nimefuga samaki hawa kwa miaka 12. Shauri la kwanza nililifuata mwenyewe nikajuta, la pili nimeliona kwa jirani, na la tatu naomba lisahihishwe kabla msomaji yeyote hajaanza kuchimba mashimo ya kupandia.

Bwawa la uani halina mto unaoingia wala unaotoka. Bwawa lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.7 na kina cha sentimita 60 hubeba takriban lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20, na maji hayo ni yale yale juma baada ya juma. Konzi ya mbolea ikidondoka ziwani haitajulikana ilipokwenda, lakini ikidondoka katika ndoo 100 za maji, rangi yake utaiona baada ya siku chache. Ndiyo maana ardhi ya hatua mbili tatu kuzunguka bwawa ina uzito mkubwa katika maisha ya samaki. Hiyo ndiyo inayoamua nini kitaingia majini mvua ikinyesha, upepo ukivuma na jua likiwaka, na wengi wetu tunaishughulikia mwisho kabisa, kama vile mtu achaguavyo mapazia baada ya nyumba kwisha.

Nianze na mteremko, kwa sababu ukikosewa hapo hakuna mmea utakaoweza kuurekebisha. Wengi huchimba bwawa mahali pa chini kabisa pa uwanja, kwa hoja kwamba maji hutuama huko kwa asili yake na hivyo bwawa litaonekana la kweli. Ni kweli litapendeza, lakini kila mvua itasomba vumbi, samadi, majani yaliyooza na dawa za wadudu kutoka sehemu nyingine za bustani na kuvitumbukiza humo. Tena pale ambapo maji ya ardhini yako karibu, yatapanda chini ya turubai linalotandikwa bwawani ili maji yasipotee, na kulivimbisha kama mgongo wa kobe, na mwenye bwawa atabaki akishangaa kilichotokea. Afadhali kuchagua mahali palipoinuka kidogo, au, kama hapana budi kuchimba bondeni, kuinua ukingo kwa sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi ya jirani na kuuteremsha kuelekea nje, ili maji ya mvua yazunguke bwawa na kwenda zake. Ukingo wote upimwe kwa pima maji juu ya ubao ulionyooka, kutoka upande hadi upande. Maji hayadanganyiki: upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita 3 tu, upande wa pili utaonyesha turubai jeusi kwa maisha yote ya bwawa, na hakuna jani litakaloweza kulificha vizuri.

Sasa nije kwenye ukoka. Mwaka wangu wa tatu wa ufugaji nilikuwa na samaki 14, na ukoka wangu ulifika hasa pale makala yenu iliposema ufike. Jioni moja, mawingu yakiwa yamefunga, nilirusha mbolea ya chumvichumvi juu ya nyasi hizo, huku nikijipongeza kwamba mvua itanisaidia kazi ya kumwagilia. Ilinyesha usiku kucha. Baada ya wiki moja maji yalikuwa ya kijani kiasi kwamba mkono ukizamishwa mpaka kifundoni vidole havionekani. Katika wiki ya pili niliamka kabla ya alfajiri na kuwakuta samaki wamejipanga juu ya maji, vinywa wazi, wakihema. Kulipopambazuka tisa walikuwa wamekwisha kufa, na wakubwa ndio waliotangulia. Nilikilaumu chakula, nikakibadilisha. Ilinichukua miezi kadhaa kukubali kwamba aliyewaua ni mimi, kwa mbolea ile niliyoirusha juu ya nyasi.

Maelezo yake si magumu. Naitrojeni na fosforasi zilizomo katika mbolea ni chakula cha mwani, yaani vile vimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja ambavyo huyapa maji rangi ya kijani. Mchana, jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni, na samaki huwa hawana shida hata kidogo, jambo ambalo humpotosha mfugaji. Usiku mwani huohuo huivuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, kama samaki wanavyofanya, kwa hiyo akiba ya oksijeni hufika chini kabisa saa ile kabla ya jua kuchomoza. Joto huzidisha tatizo: maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita, ilhali ya nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu, wakati ambapo mwili wa samaki uliopata joto unadai zaidi. Samaki mkubwa hudai zaidi ya mdogo, na ndiyo sababu hutangulia kufa.

Ikumbukwe pia kwamba bwawa la samaki lina mbolea yake tayari. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Bakteria wanaoishi juu ya mawe, kuta na kichujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa na ambayo mimea huila. Mzunguko huo ukienda sawa, mimea ya majini hupata lishe yake yote kutoka kwa samaki wenyewe. Mtu anayeongeza mbolea kutoka kwenye nyasi anamwaga maji katika mtungi uliokwisha jaa.

Badala ya ukoka, ningependekeza ukanda wa upana usiopungua sentimita 60, na bora zaidi mita 1, usiotiwa mbolea wala dawa ya aina yoyote. Sehemu ya ukanda huo iwe mawe bapa yaliyolazwa juu ya ukingo wa turubai, yakichomoza juu ya maji kwa sentimita 5 hivi na kuinama kidogo kuelekea nje. Jiwe linalochomoza namna hiyo hulificha turubai, hulikinga na jua ambalo hulikausha na kulipasua kadiri miaka inavyokwenda, na huwapa samaki kivuli cha kujificha. Vilevile huizuia mashine ya kukatia nyasi isirushe vipande vya majani majini. Vipande hivyo watu huvidharau, lakini huzama, huoza, na uozo wake hula oksijeni ileile tunayoigombania.

Kuna sababu nyingine ya kuutenga ukoka na maji, na hii niliijua kwa aibu. Miaka miwili baada ya msiba ule maji yalianza kupungua kwa sentimita 3 kila siku, kiasi ambacho jua peke yake lisingeweza kukimaliza. Niliwahamishia samaki kwenye mapipa, nikalikausha bwawa, nikalikagua turubai kwa vidole kipande kwa kipande siku mbili mfululizo, nisipate tundu. Fundi mmoja mzee niliyemwita hakugusa hata turubai. Alichuchumaa ukingoni, akaung'oa mkono mmoja wa ukoka, akanionyesha mizizi iliyokuwa imevuka turubai na kuning'inia majini. Udongo na mizizi iliyolala juu ya mdomo wa turubai ilikuwa ikinyonya maji kama utambi wa taa na kuyamwaga kwenye uwanja, usiku na mchana. Tulikata ukanda wa nyasi, tukauinua mdomo wa turubai wima nyuma ya mawe, na maji yakatulia. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia bwawa lake linavuja, namuuliza kwanza kama udongo wa nje unagusana na maji.

Kisa hicho kinanipeleka kwenye kosa ambalo makala yenu haikulitaja, nalo nadhani ndilo linalomaliza miche mingi zaidi. Mtu akiona maji hudhani ardhi ya jirani ni mbichi, akaenda kutafuta mafunjo, magimbi na ndago, mimea ambayo kwa asili hukaa kando ya mito na mabwawa, akaipanda nje ya turubai. Baada ya majuma machache imenyauka. Turubai limewekwa hasa ili maji yasipite, na kwa hiyo udongo ulio upande wa pili, hatua moja tu kutoka kwenye maji, ni mkavu sawa na udongo wa uwanja mzima, na mara nyingine mkavu zaidi kwa kuwa mawe huukinga na mvua na kuutia joto. Kando ya bwawa la aina hii ipandwe mimea inayostahimili ukavu, yenye kukaa kwa mashina yake bila kutambaa ovyo, na isiyopukutisha majani kila siku. Mchaichai hunifaa sana: hukaa fungu moja, majani yake marefu hujipinda juu ya maji kama ya mmea wa mtoni, na asiyejua ataapa kwamba ni tete. Mrihani nao hukaa vizuri mbele yake, mradi usisogee mno ukingoni.

Anayetaka mafunjo au magimbi ya kweli ana njia mbili. Ya kwanza ni kuyaweka ndani ya bwawa katika vyungu, juu ya ngazi iliyozama. Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuchimba beseni la kina cha sentimita 30 pembeni mwa bwawa, kulitandika kipande cha turubai kilichotobolewa matundu machache ili maji yasivunde, kulijaza udongo mzito, na kulitenganisha na bwawa kwa ukuta wa mawe ili utambi niliousema usijirudie. Beseni hilo humwagiliwa kwa maji yanayotolewa bwawani wakati wa kuyabadilisha, ambayo yana nitrati tele. Magimbi yangu yamekua na majani mapana yasiyoshikika kwa mkono mmoja, na sijawahi kuyatia mbolea yoyote. Tahadhari moja: mafunjo ya kawaida hupita mita 3 kwa urefu na huweza kufika 5, na katika uwanja mdogo yatalimeza bwawa lote, kwa hiyo atafutwe mwenye aina fupi.

Kuhusu miti nitasema machache. Bwawa lisiwe chini ya mti wala upande ambao upepo hupeleka majani. Majani ya mkaratusi hutia maji rangi ya chai na huoza polepole, na sindano za mvinje hupenya wavu wowote. Mizizi ya miti ya jamii ya mtini hupasua hata zege. Mianzi nayo iko ya namna mbili: ile inayokaa kichaka kimoja, ambayo haina neno, na ile inayotambaa chini ya ardhi, ambayo machipukizi yake yenye ncha kali hutoboa turubai kama sindano ya gunia. Muuzaji wa miche asiyeweza kukueleza tofauti hiyo usinunue kwake mwanzi. Wakati huohuo bwawa lisikose jua kabisa, kwa kuwa yungiyungi halitoi maua vizuri bila jua la saa 5 au 6 kwa siku. Kivuli kinachofaa ni cha alasiri, na vichaka vya urefu wa mita 1.5 upande wa magharibi hukitoa bila kumwaga takataka nyingi.

Sasa ule ua wa mnyaa. Ndugu Mhariri, hili silichukulii kama suala la ladha. Utomvu mweupe wa mnyaa huchoma ngozi, ukiingia jichoni huweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa, na ni sumu kwa samaki. Wavuvi wa tangu zamani waliujua na wakautumia kuwalewesha samaki katika madimbwi. Ua hukatwa mara kwa mara ili ukae sawa, na ni wakati wa kukatwa ndipo utomvu hutiririka. Fikiria matawi mabichi yakidondokea katika zile ndoo 100. Mmea mwingine wa kuepukwa ni mtupa, ambao jina lake lenyewe ni onyo: utupa ni sumu ya kuvulia samaki, na ndani yake mna rotenoni, inayozizuia chembe za mwili kutumia oksijeni, hata samaki akafa kwa kukosa pumzi katika maji yenye hewa ya kutosha. Oleanda nayo, pamoja na uzuri wa maua yake, ina sumu katika kila sehemu, kuanzia jani hadi mzizi, na si mmea wa kuning'inia juu ya maji yenye viumbe.

Kwa upande wa dawa, wengi huamini kwamba iliyotokana na mmea haina madhara. Pareto inatoka kwenye ua, ni kweli, na mwangaza wa jua huivunja upesi, na kwa binadamu haina hatari kubwa; lakini kwa samaki kiasi kidogo mno huua, na dawa za kiwandani zilizoigwa kutoka kwake huua vilevile na hudumu zaidi. Anayepuliza dawa kwenye waridi lililo mita 4 kutoka bwawani, siku ya upepo, amelipulizia bwawa. Dawa za ukungu zenye shaba nazo ni za kuogopwa. Mimi niliamua kwamba mmea wowote usioweza kuishi bila kupuliziwa hauna nafasi upande ule wa uwanja, na nimeyapoteza mawaridi mawili kwa uamuzi huo bila majuto.

Mawe meupe sitayalaumu kupita kiasi. Mengi ni chokaa au marumaru, ambazo huyeyuka polepole na kuyafanya maji yawe magumu, yaani yenye chokaa nyingi, na kupandisha kiwango cha alikali. Samaki wa dhahabu huvumilia hali hiyo kuliko samaki wengi, lakini ifahamike kwamba amonia huwa kali zaidi kadiri alikali inavyopanda. Kibaya zaidi ni saruji mbichi inayotumiwa kuyashikiza. Chokaa inayochuruzika kutoka kwenye saruji isiyokomaa inaweza kuchoma matamvua ya samaki, kwa hiyo ukingo uliojengwa kwa saruji uoshwe, bwawa lijazwe na kumwagwa mara kadhaa, na samaki wangoje nje. Jirani yangu hakungoja. Isitoshe, mawe yake meupe yalikuwa ya kijani kabla ya miezi sita kwisha, na sasa huyasugua kwa brashi kila mwezi kama anayefua.

Kuna jambo la ndege na paka ambalo mpangilio wa mimea unaweza kulisaidia au kuliharibu. Samaki hawa ni wa jamii ya samaki wa Asia aitwaye kapu, na rangi yao ya asili ni ya kijivu iliyochanganyika na kijani. Wachina ndio waliochagua wale wenye rangi ya machungwa na kuwazalisha kwa zaidi ya miaka 1,000, mpaka wakafika Ulaya katika karne ya 17. Kwa maneno mengine, tumewavika nguo inayoonekana kutoka angani. Korongo hapendi kutua katikati ya maji. Hutua pembeni, akatembea kwa miguu yake mirefu mpaka afike palipo na kina kidogo, akasimama. Kwa hiyo kuta za bwawa ziwe wima, ngazi ya vyungu iwe nyembamba na ijae vyungu, sehemu ya kina izidi sentimita 60, na mimea minene ifunge zile pande ambazo ndege angetulia. Lakini usifunge pande zote. Paka hujificha katika kichaka cha ukingoni vizuri kuliko tunavyodhani, na mwenye bwawa naye anahitaji upande mmoja ulio wazi ili aone samaki na kuhesabu.

Upande huo ulio wazi ni muhimu zaidi ikiwa nyumba ina mtoto mdogo. Mmea utambaao uliovuka ukingo na kulala juu ya maji humfanya mtoto aone ardhi mahali pasipo na ardhi, na mtoto anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache. Mpaka wa maji uonekane wazi, na palipo na watoto wasiozidi miaka mitano pawekwe uzio au wavu mzito wa chuma juu kidogo ya uso wa maji. Kichaka hakihesabiwi kuwa uzio.

Wasomaji wengine huogopa mbu. Samaki wa dhahabu huwala viluwiluwi wa mbu kwa pupa, na bwawa lenye samaki kwa kawaida halizalishi mbu wengi. Lakini viluwiluwi vikipata pembe yenye mashina yaliyosongamana ambamo samaki hawapiti, vitakomaa salama humo. Punguza mashina kila baada ya miezi michache, na mwaga maji yaliyotuama katika visahani vya vyungu vilivyo nje, ambavyo ndivyo vyenye hatia mara nyingi.

Ndani ya maji kwenyewe, nusu ya uso ikifunikwa na majani inatosha. Wako wanaopendekeza theluthi mbili, nami naona hapo hewa huanza kubanwa. Mayungiyungi yapandwe katika vyungu vya udongo mzito, na juu ya udongo yawekwe mawe makubwa kuliko kinywa cha samaki, maana jamii hii hufukua tope kutafuta chakula na hung'oa mche mchanga usiku mmoja. Yasiwekwe karibu na chemchemi ya pampu, kwa kuwa hayapendi majani yake kunyeshewa mfululizo. Gugu maji lisiingizwe kabisa, hata kama muuzaji atasema linasafisha maji, na kweli linasafisha. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilipoingia katika Ziwa Victoria lilifunga bandari na njia za mitumbwi katika miaka ya 1990. Kwa sababu hiyohiyo mfereji wa kupunguzia maji ya bwawa uelekezwe kwenye bustani, usielekezwe kwenye mtaro unaofika mtoni. Samaki wa dhahabu waliotupwa katika Mto Vasse, magharibi mwa Australia, wamezaliana humo, baadhi yao wakikua hadi karibu kilo 2, na kuwaondoa imekuwa kazi isiyokwisha.

Ninaomba basi, kwa heshima, ukurasa wa bustani uchapishe sahihisho kuhusu mnyaa kabla ya msimu wa kupanda, na uwashauri wasomaji waliokwisha sogeza ukoka mpaka majini waukate kwa sepetu angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Pamoja na sahihisho hilo pangefaa mchoro wa ukingo wa bwawa uliokatwa kwa ubavu, ukionyesha jiwe bapa, turubai lililoinuliwa wima nyuma yake na ardhi inayoteremka kwenda nje. Ungechukua nafasi ndogo kuliko ile picha ya mawe meupe.

Wako katika kupenda bustani,
Msomaji wenu wa siku nyingi